Umeme ndani ya gunia la mpunga: kisa cha Usangu, Ihefu na Mtera

Mwezi wa kumi mwaka 2006 nilikuwa nimekaa juu ya gunia la mpunga nje ya mashine ya kukoboa, kando ya barabara kuu ya Mbeya kwenda Iringa. Tulikuwa watu kama kumi na watano, magunia yetu yameegemezwa ukutani, kila moja limeandikwa jina la mwenyewe kwa kalamu nene. Mashine ilikuwa kimya. Mgao wa umeme. Mwenye mashine alikuwa ametuambia umeme utarudi saa kumi na mbili jioni, akaja kukaa nasi kivulini, mikono yake bado ina vumbi la pumba za jana. Redio ndogo ya betri ilikuwa inasoma habari: maji yamepungua Mtera, bwawa la kuzalishia umeme, na waliotajwa kuyamaliza ni wakulima wa umwagiliaji na wafugaji wa Usangu. Mama mmoja aliyekuwa karibu yangu akaligusa gunia lake, akauliza bila kumwangalia mtu: "Kwa hiyo umeme umo humu ndani?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi swali lile sijaachana nalo hadi leo, maana ndani yake mna kisa kizima cha mto Ruaha Mkuu, unaotoka Usangu kwetu kwenda Mtera. Ikiwa maji yaliyootesha mpunga wetu ndiyo yaliyopungua Mtera, basi Serikali ilikuwa na haki ya kutubana, na gharama tuliyobebeshwa ilikuwa na maana. Ikiwa siyo, wapo watu waliolipishwa deni lisilo lao, na wengine walilipa kwa ng'ombe, kwa nyumba, na kwa makaburi ya wazee wao waliyoyaacha nyuma.

Naeleza mapema ninakoegemea. Mto ulihitaji kanuni, na unazihitaji mpaka sasa. Kilichoharibika ni hesabu. Kanuni za kuufufua mto wakati wa kiangazi zilitangazwa kwa jina la umeme, faida ambayo maji ya kiangazi hayakuwa na uwezo wa kuileta. Na faida ilipoonekana kubwa kiasi kile, kila gharama ilionekana halali.

Beseni lenye ukingo wa mwamba

Ruaha Mkuu unaanzia kwenye milima ya Uporoto na safu ya Kipengere. Kutoka huko juu kwenye baridi na viazi inateremka mito ambayo mtu wa wilaya ya Mbarali anaijua kama anavyojua watoto wa jirani: Chimala, Kimani, Mbarali, Ndembera na Ruaha wenyewe. Yote inashukia tambarare ya Usangu, zaidi kidogo ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua inabaki milimani. Tambarareni ni joto na jua, na ndiyo sababu mpunga unastawi pale mradi upate maji ya mto.

Yakishapita mashambani, maji hukusanyika Ihefu, bwawa la matete na nyasi lililoko katikati ya tambarare. Ihefu ni beseni. Kwenye mdomo wake, mahali paitwapo Ng'iriama, pana kizingiti cha mwamba, na maji hayatoki mpaka yafikie kimo cha mwamba ule. Yakishuka chini yake kwa upana wa kiganja tu, mto unakatika, hata kama ndani ya Ihefu bado kuna maji ya kuogelea viboko. Yaliyobaki yananywewa na jua na matete.

Watafiti waliolipima beseni hili miaka ya 2000 walikuta kwamba ili nusu mita ya ujazo tu kwa sekunde ivuke Ng'iriama wakati wa kiangazi, lazima mita 7 hivi za ujazo kwa sekunde ziingie Ihefu. Hiyo ilikuwa karibu mara mbili ya maji yaliyokuwa yakiingia kipindi kile. Sehemu kubwa sana inapotelea hewani kabla tone la kwanza halijavuka mwamba. Ukiishika namba hii, mambo mengi ya baadaye utayaelewa.

Baada ya Ng'iriama mto unapita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha unaingia Mtera, ambako unakutana na Ruaha Mdogo unaotoka Iringa na mto Kisigo. Kwa wastani, kati ya maji yanayoingia Mtera, Ruaha Mkuu huleta asilimia 56, Kisigo 26 na Ruaha Mdogo 18. Tangu 1993 hivi, ule mkubwa kuliko wote ulianza kukatika ndani ya hifadhi kila kiangazi. Mchanga ukawa mweupe mwanzo hadi mwisho, tembo wakachimba visima kwa miguu na mikonga, viboko wakabanana kwenye madimbwi ya tope yanayonuka. Aliyewahi kusimama kando ya dimbwi la namna ile mwezi wa kumi na moja hahitaji kushawishiwa kwamba kuna kitu cha kuokoa.

Maji ya kifuku na maji ya kiangazi

Hofu ya watu wa mjini ya kukosa umeme ilikuwa na msingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mitambo yote ya umeme wa maji iliyokuwa kwenye gridi ilikuwa na uwezo wa megawati 561. Kidatu peke yake 204, Mtera 80. Jumla 284, nusu ya umeme wote wa maji nchini, na vituo hivi viwili vinatumia maji yaleyale: yanazungusha mitambo Mtera, yanateremka na mto, yanazungusha tena Kidatu. Mtera ikipungua, fundi cherehani wa Kariakoo na fundi wa kuchomelea wa Mwanjelwa wanakaa wanaangaliana. Mgao wa mwaka 1992 tunaukumbuka, na ule wa 1994, na wa 2006 ambao ulikuwa mchungu zaidi kwa sababu miji ilikuwa imekua. Nchi ililazimika kutafuta mitambo ya dharura, umeme wake ghali, na sakata la zabuni yake likafika mbali hata Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu Februari 2008. Gharama ya giza ni kubwa. Siipunguzi hata kidogo.

Kabla ya hapo, mwaka 2001, Waziri Mkuu Frederick Sumaye alikuwa ametangaza mbele ya mkutano jijini London kwamba Serikali itaunga mkono mpango wa kuhakikisha Ruaha Mkuu unatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Ahadi nzuri. Lakini tangu siku ile mambo mawili tofauti yalifungwa kamba moja: mto utiririke kiangazi, na umeme usikatike.

Tuyafungue, tupige hesabu polepole.

Bwawa la Mtera huhifadhi maji ya kuzalishia umeme kati ya kimo cha mita 690 na 698.5 juu ya usawa wa bahari, na ujazo wake kati ya vimo hivyo ni takriban mita za ujazo bilioni 3.2. Linajazwa na mafuriko ya kifuku, yaani majira ya mvua, kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa tano, Ruaha unapokuwa mwekundu na mpana. Sasa tuseme lengo la kiangazi limetimia, nusu mita ya ujazo kwa sekunde inavuka Ng'iriama kwa miezi sita mfululizo. Jumla ni kama mita za ujazo milioni 7.8. Hata robo ya asilimia moja ya Mtera haifiki.

Tuigeuze iwe umeme. Maji yanaanguka kama mita 100 Mtera na kama mita 175 Kidatu, hivyo kila mita ya ujazo ikipita vituo vyote viwili hutoa takriban theluthi mbili za uniti moja ya Luku. Milioni 7.8 zinatoa uniti milioni 5 hivi. Vituo hivyo viwili vikifanya kazi kwa uwezo wote, kwa siku moja vinazalisha uniti karibu milioni 6.8. Yaani maji ya kiangazi kizima, yakifika yote bila tone kunywewa na mchanga wa hifadhini au jua la Mtera, hayatoshi umeme wa siku moja.

Nilipoipiga hesabu hii mara ya kwanza niliirudia mara tatu nikidhani nimekosea sifuri.

Halafu kuna hili. Watafiti walioipitia upya miaka ya 1991 hadi 1994, Mtera ilipoporomoka, walikuta kwamba tatizo halikuwa mvua wala mpunga peke yake. Kuna maji yaliyotoka bila kuzalisha umeme, na namna mabwawa mawili yalivyoendeshwa kwa pamoja ilichangia. Kati ya Mtera na Kidatu huingia mito mingine, kama Lukosi. Wakati wa mvua mito hiyo inaweza kuilisha Kidatu, na Mtera ikabaki na akiba yake, mradi anayefungua milango ya juu anajua kinachotokea chini. Kanuni ya kufungulia mlango wa bwawa nayo ni kanuni ya mazingira na nishati, ingawa hakuna anayehamishwa kijiji kwa ajili yake.

Lakini haki itendeke pande zote. Mpunga wetu unalimwa kifuku, na maji ya kifuku ndiyo hasa yanayoijaza Mtera. Eneo la mpunga Usangu huwa kati ya hekta 20,000 na 40,000 kutegemea mwaka, na hilo ni jani jingi linalokunywa. Wachumi waliopima thamani ya maji katika bonde hili walikuta mita moja ya ujazo inalipa zaidi kwenye mitambo ya umeme kuliko kwenye jaruba la mpunga. Kwa hiyo mama yule wa mashineni ningeweza kumjibu: ndiyo, umeme kidogo umo humo guniani. Ila humo humo mna ada ya shule, mna chakula cha watu ambao hawajawahi kuona jaruba, na mna kazi ya kila mtu aliyekaa pale akisubiri, pamoja na mwenye mashine.

Banio la mawe na banio la zege

Shangazi yangu alilima majaruba upande wa Chimala tangu kabla sijazaliwa. Banio lao la zamani, kizuizi cha kugeuzia maji ya mto mferejini, lilikuwa la mawe, matawi, majani na udongo. Kila mwaka mafuriko yalilibomoa, na kila mwaka wanaume walikwenda kulijenga upya, wanawake wakipika uji wa pamoja kando ya mto. Lilikuwa linavuja. Usiku ukikaa kimya ungesikia maji yakipenya kati ya mawe yakiendelea na safari kwenda kwa watu wa chini.

Kisha likaja banio la zege, lenye mlango wa chuma na usukani wa kuzungusha, mradi wa kuboresha umwagiliaji kama ilivyokuwa sehemu nyingi za Usangu. Watu walishangilia, na mimi ningeshangilia, maana hakuna tena kusombwa na mafuriko wakati wa kubeba mawe. Lakini zege halivuji. Mlango ukifunguliwa wote mwezi wa nane, mto ukiwa mwembamba, banio lina uwezo wa kuuzoa mto mzima na kuacha mchanga mkavu chini yake. Uboreshaji uliokusudiwa kuongeza ufanisi ukampa wa juu mamlaka ambayo hakuwahi kuwa nayo. Wataalamu walikuja kuliandika hili baadaye. Watu wa chini waliliona msimu wa kwanza tu.

"Mwanangu," shangazi aliniambia siku moja tukiwa tumesimama juu ya ukuta ule, "banio la zamani lilikuwa na huruma."

Juu ya zege kikaja kibali. Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa, ilianzishwa mwaka 1993 kusimamia nani achote kiasi gani. Kila kundi la wakulima lisajiliwe, lilipie, lipewe haki ya kuchota lita kadhaa kwa sekunde. Kimaandishi ni jambo la busara: atumiaye maji alipie, na anayelipia hatayapoteza bure. Mtoni mambo yalikwenda kinyume. Namba iliyoandikwa kwenye kibali haibadiliki mto unapopungua, na mabanio mengi hayakuwa na kipimo cha kuonyesha lita. Kundi la juu likawa na karatasi mkononi. Ukienda kuwaomba waachie kidogo wakati wa kiangazi, walikuwa na jibu jipya: tumelipia. Desturi ya kuombana maji, ambayo ilikuwa na aibu ndani yake, ilibadilishwa na risiti. Mkulima wa ekari moja alilipa ada yake kupitia kundi lake na hakupata hakika yoyote ya maji zaidi.

Na kiangazi maji yale yalikuwa yanafanya nini? Hapa ndipo utafiti wa mwishoni mwa miaka ya 1990 ulipofumbua macho ya wengi. Sehemu kubwa ya maji yaliyochotwa miezi ya ukame hayakuwa ya kilimo cha maana. Mifereji iliachwa wazi ili vijiji vilivyo kilomita kadhaa mbali vipate maji ya kunywa, kufulia na kufyatulia matofali. Ili ndoo mia chache zifike, mfereji mzima unalowa, unavuja, unatuama mashambani. Bustani kidogo za nyanya na vitunguu zinanufaika njiani. Pia wapo wanaolowesha mashamba mapema ili wawahi kupanda, kwa sababu mpunga wa mapema hupata bei nzuri kabla soko halijajaa. Ndiyo hayo maji yaliyokosekana Ng'iriama.

Waliolipa

Mwaka 2006 Serikali ilitangaza mkakati wa haraka wa kuhifadhi mazingira ya ardhi na vyanzo vya maji, na Ihefu ilikuwa mstari wa mbele. Kuanzia katikati ya mwaka ule hadi 2007, wafugaji waliondolewa Usangu na mifugo yao, wakaelekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Wasukuma, Wabarabaig, Wamaasai, wengine wakiwa na watoto na wajukuu waliozaliwa hapo hapo tambarareni. Ng'ombe walitembezwa, wakapakiwa kwenye malori, wakafa njiani, wakauzwa kwa bei ya kutupa. Malalamiko yalikuwa makali kiasi kwamba Rais Kikwete aliunda tume chini ya Jaji Othman Chande ichunguze jinsi operesheni ilivyoendeshwa.

Hebu tumpime ng'ombe naye. Akinywa lita 40 kwa siku, ng'ombe laki moja wanakunywa lita milioni 4. Igawanye kwa sekunde za siku, unapata chini ya lita 50 kwa sekunde, mfereji mmoja wa kawaida wa majaruba. Najua ng'ombe hafanyi kazi ya kunywa tu: anakanyaga, anamaliza majani, na mwenye naye huchoma nyika ili majani mabichi yaote. Wanaotetea operesheni husema kwamba bila kuwaondoa, matete ya Ihefu yangeisha, na ndege na samaki wangeisha nayo. Hoja hiyo naipokea, ina uzito wake. Ila ni hoja ya matete na ndege. Kwa redio ile ya betri, operesheni ilikuwa ya umeme.

Mwaka 2008 Tangazo la Serikali Na. 28 likaunganisha Usangu na Ihefu na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Hifadhi ikapanuka karibu mara mbili, ikafikia kilomita za mraba 20,226, kubwa kuliko zote nchini kwa wakati ule. Ndani ya mstari mpya vilikutwa vijiji na mashamba ya watu waliolala wakulima na kuamka wavamizi. Mgogoro huo ulikaa kama jipu. Oktoba 2022 ilitangazwa kwamba vijiji vitano na vitongoji 47 vya Mbarali viondoke. Benki ya Dunia, ambayo mwaka 2017 ilikuwa imeidhinisha mradi wa REGROW wa dola milioni 150 wa kukuza utalii na kutunza hifadhi za kusini, Ruaha ikiwemo, ilisitisha malipo Aprili 2024 kufuatia malalamiko ya wananchi, na Novemba mwaka huohuo mradi ukafutwa. Gharama ya kuhamisha watu ikawa imerudi kuilipisha hifadhi yenyewe: barabara ambazo hazikukamilika, na fedha za kusimamia maji ambazo hazikuja.

Na mto? Mwaka 2010 ulifika, na Ruaha Mkuu ulikuwa bado unakatika. Aprili 2017 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kikosi kazi cha kuunusuru mto uleule, miaka kumi baada ya ng'ombe kuondoka. Sisemi kuondoa ng'ombe hakukusaidia chochote, pengine hali ingekuwa mbaya zaidi. Nasema mabanio ya juu yalibaki wazi.

Wapo pia waliolipa kimyakimya, na sitaki niwapite. Huku Iringa na Njombe tuna vinyungu, bustani za mabondeni zinazolimwa kiangazi kwa unyevu wa ardhi bila kumwagilia: maharage, mahindi mabichi, viazi. Kinyungu ndicho kinachomvusha mama kati ya mwezi wa tisa na mavuno. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni au kwenye chanzo cha maji, na inapotekelezwa neno kwa neno, bonde lote jembamba la kijiji linaingia ndani ya hizo mita 60. Nimeona mama akipima kwa hatua kutoka kwenye kijito hadi nyumbani kwake, akaishia mlangoni. Pale pale jirani, milingoti, yaani mikaratusi, iliyopandwa hadi ukingoni mwa maji ilikuwa imesimama, mirefu, ya mtu mwenye uwezo wa kusubiri miaka minane. Mlingoti unakunywa maji mchana kutwa na hakuna anayeuita mvamizi. Kanuni ya urefu mmoja kwa kila bonde ni rahisi kuisimamia kwa mwenye gari na futi kamba. Mzigo wake huangukia yule ambaye shamba lake lote ni bonde.

Kilichokuwa rahisi

Ndani ya miaka hiyo hiyo kulikuwa na jaribio lingine, dogo, ambalo halikufika redioni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa kutoka nje walitengeneza ubao mrefu wa mbao ulioinamishwa kama mto unavyoteremka. Juu wanamwaga gololi, hizo ndizo maji. Wachezaji wanasimama pembeni, kila mmoja na kijiti chake, ndicho banio, na mashimo madogo ndiyo majaruba. Gololi zikimwagwa nyingi, kila mtu anapata. Zikimwagwa chache, aliyesimama juu anajaza mashimo yake hadi yanafurika, na wa mwisho kabisa anabaki ameinama akiangalia ubao mtupu. Kisha wanabadilishana nafasi. Wazee wa juu wakajikuta chini.

Mchezo wa gololi hauleti maji. Ila watu wanaotoka pale ndio wanaokaa chini kupanga zamu, na zamu ya maji Usangu siyo jambo geni, ni la tangu enzi za mabanio ya mawe. Jumuiya za watumia maji zilizoimarika baadaye zimefanya kazi pale ambapo mambo mawili yalikwenda pamoja: mlango wa banio unafungwa baada ya mavuno hadi karibu na mvua, na vijiji vinapata visima virefu ili visitegemee mfereji kwa maji ya kunywa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaweka matumizi ya nyumbani kwanza na mazingira ya pili, kabla ya kilimo na umeme. Kisima kinalitimiza la kwanza, mlango uliofungwa unalitimiza la pili. Hakuna lori la ng'ombe linalohitajika, wala kijiji cha kufutwa kwenye ramani. Kwa maoni yangu hapa ndipo fedha yote ilipaswa kuanzia.

Siku hizi hata ile sababu ya umeme imelegea. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina megawati 2,115, mtambo wake wa kwanza uliwashwa Februari 2024, na maji yake mengi yanatoka Kilombero, asilimia 62 hivi. Ruaha Mkuu unaleta kama 15. Gesi ya Songo Songo nayo imekuwa ikizalisha umeme tangu 2004. Anayetaka Ruaha utiririke kiangazi sasa anaweza kusema wazi anautakia nini: viboko na tembo, samaki, watalii, watu na mifugo walioko chini ya mwamba. Ni faida za kutosha. Mimi ningezilipia. Na kwa kuwa zina ukubwa unaojulikana, mtu anaweza kuuliza ni mzigo gani wa haki kuubeba kwa ajili yake, na ubebwe na nani.

Mwezi wa saba mwaka jana nilikwenda kwenye banio lile la shangazi. Yeye ameshatangulia mbele za haki, majaruba analima binti yake. Mlango wa chuma ulikuwa umefungwa kwa kufuli, ufunguo uko kwa mgawa maji, na chini ya ukuta mto ulikuwa unapita, mwembamba, kama upana wa mlango wa nyumba, lakini unapita. Mfereji ulikuwa mkavu, watoto wanaucheza mpira. Kijijini, wanawake walikuwa wamepanga ndoo kwenye kisima cha pampu ya mkono.

Mwezi wa tisa binamu alinipigia simu. Washa ya pampu, kile kipira cha ndani, ilikuwa imekatika, fundi anaisubiri kutoka Mbeya mjini. Nikamuuliza wanakunywa nini.

"Tumefungua robo," akasema. "Mpaka washa ije."

Ilikuja baada ya wiki tatu.